Herufi Moja Kati ya Songea na Würzburg

Kumbukumbu hizi niliziandika siku kwa siku katika daftari la mistari ambalo mama alikuwa amelinunua kwa ajili ya hesabu za mbolea. Nilikuwa naomba viza ya muda mrefu ya Ujerumani, ile ambayo ubalozi huiita viza ya kitaifa na kuipa herufi D, anayoiomba mtu anayetaka kukaa nchini humo zaidi ya siku 90. Ninaziweka wazi kwa sababu nilipoanza kutafuta maelezo nilikuta mengi ya watu wanaoishi Dar es Salaam, ambao wakisahau karatasi nyumbani hupanda daladala wakaifuata, na machache mno ya sisi tunaotoka mikoani, ambao karatasi moja iliyosahaulika hutugharimu siku mbili za barabarani na nauli ya kwenda na kurudi.

Jumapili, 1 Desemba 2024

Basi liliondoka stendi kuu ya Songea saa kumi na moja alfajiri, maji ya mvua ya usiku yakiwa bado yanachuruzika kwenye mabati ya vibanda vya chai. Begi la nguo nililiweka kwenye buti, lakini faili langu la plastiki la rangi ya bluu sikulitoa mapajani tangu tulipoondoka hadi tulipofika. Ndani ya faili hilo mlikuwa na kila kitu ambacho kingeweza kumweleza mtu asiyenijua kuwa mimi ni nani: pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B1, mkataba wa mafunzo, na hati ya kiapo inayohusu jina langu, ambayo nitaieleza mbele kwa kuwa ndiyo iliyotaka kuniponza.

Ninakwenda, Mungu akipenda, Würzburg katika jimbo la Bayern kusomea uuguzi kwa miaka mitatu, kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Wajerumani huyaita mafunzo ya namna hii Ausbildung. Mwanafunzi husaini mkataba na hospitali, hugawa muda wake kati ya darasa na wodi, na hulipwa kila mwezi, malipo ambayo katika hospitali za umma huzidi euro 1,300 kabla ya makato kwa mwaka wa kwanza. Kwa sababu ya malipo hayo mwombaji wa aina yangu haonyeshi ile akaunti iliyofungwa ambayo wanaokwenda vyuo vikuu kwa fedha zao hutakiwa kuijaza kabla ya kupewa viza. Kiasi chao sasa, mwishoni mwa 2024, ni euro 11,904 kwa mwaka, na nyumbani kwetu fedha hiyo isingepatikana hata tungeuza shamba. Nalisema jambo hili mapema ili kijana mwenye moyo wa kusoma asikate tamaa baada ya kusikia kiasi hicho kikitajwa, kwa kuwa njia haiko moja.

Lugha ilinichukua mwaka na nusu. Mtihani wa B1 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inahitaji alama 60 kati ya 100. Mara ya kwanza nilifaulu tatu nikaanguka kusikiliza. Sehemu moja huruhusiwa kurudiwa peke yake, nami nikairudia.

Jana jioni, nilipokwenda kumuaga bibi upande wa Mahenge, mtaa wa Songea mjini, aliniuliza swali ambalo limekaa nami safari nzima. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, hao unaokwenda kuwauguza ni wale wale?" Kutoka kwake si mbali na Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kila mwezi Februari yeye huhudhuria kumbukumbu zao. Nilimjibu kwamba ni wajukuu na vitukuu vyao, na nikamkumbusha siku ya tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipokuja hapo hapo Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, na kuomba msamaha. Bibi alikuwa anaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi. Akasema basi niende, ila nisiende kama mtu asiyejua alikotoka. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Tulipita Madaba kukiwa kumekucha, tukafika Njombe kwenye baridi na ukungu, tukaendelea hadi Makambako ambako abiria walishuka kunywa chai. Kuanzia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nililala kidogo. Niliamshwa na breki za basi lilipokuwa linashuka kona za Kitonga, na muda si mrefu tukawa Ruaha Mbuyuni, joto limebadilika kabisa, mibuyu kila upande na wauza vitunguu wakinyanyua mafungu yao hadi usawa wa madirisha. Dereva alipunguza mwendo tulipoingia Hifadhi ya Mikumi, tukaona twiga wawili na pundamilia wengi. Saa tatu kasoro usiku tulikuwa Stendi ya Magufuli, Mbezi, baada ya zaidi ya kilomita 900. Mama mdogo alikuwa amekuja kunipokea, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Faili liko wapi?"

Jumatatu, 2 Desemba

Siku hii niliitenga kwa makusudi. Miadi yangu ilikuwa Jumanne asubuhi, na ningeweza kusafiri Jumatatu, lakini mtu aliyenitangulia katika safari hii alinishauri nifike siku moja kabla. Ushauri huo ninaupokeza kwa kila anayetoka mbali.

Ubalozi ulihitaji seti mbili za maombi zinazofanana kabisa, pamoja na vyeti halisi vya kulinganishia. Mimi nilitoka Songea na seti moja na nusu, kwa sababu mashine ya steshenari niliyoitumia iliishiwa wino siku ya Ijumaa. Hapa Kimara, anakoishi mama mdogo, nilikaa kwa saa nzima kwenye steshenari moja nikitoa kopi na kuzipanga sakafuni: fomu ya maombi iliyojazwa kwa kompyuta na kutoka na misimbo yake ya mistari, picha, kopi ya pasipoti, mkataba, fomu ya mwajiri inayopelekwa kwa Shirika la Ajira la Ujerumani, barua ya kujieleza, wasifu, vyeti vya shule na uthibitisho wake kutoka Bayern, cheti cha lugha, na karatasi ya chumba nitakachokaa katika bweni la wanafunzi wa uuguzi. Kijana wa steshenari alitaka kuzibana kwa pini, nikamwomba asizibane, kwa sababu karatasi hizo zitafunguliwa na kupitishwa kwenye mashine nyingine.

Picha nilipiga upya. Zile za Songea zilikuwa na mandhari ya bluu kama za pasipoti yetu, ilhali zinazohitajika ni za milimita 35 kwa 45, mandhari meupe au ya kijivu hafifu, uso mzima ukionekana bila kutabasamu. Mpiga picha alijua vipimo hivyo bila kuambiwa, akaniambia kuwa kila wiki hupiga watu wa balozi.

Mchana nilipanda mwendokasi hadi Posta ya Zamani, si kwa shughuli nyingine bali kuijua njia. Nilipita mbele ya Kanisa la Azania Front lenye mapaa mekundu, ambalo nalo Wajerumani ndio walilijenga, kisha nikaufuata Mtaa wa Mirambo hadi Umoja House, jengo ambalo Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zina ofisi zao pamoja. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikahesabu dakika: kutoka kituoni ni mwendo wa chini ya robo saa kwa miguu. Nikamuuliza mlinzi mlango wa waombaji wa viza ni upi, naye akanionyesha na kuniambia nisije na begi kubwa.

Jioni mama mdogo alinisikiliza nikijibu maswali ya usaili kwa Kijerumani, lugha asiyoijua hata neno. Alisema haelewi ninachosema lakini anasikia mahali ninapobabaika. Tulirudia mahali hapo hadi saa nne usiku.

Jumanne, 3 Desemba

Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi, nami nilikuwa langoni saa mbili na robo. Tulikuwa watu saba kwenye foleni: mama mmoja na mtoto wanaomfuata baba yao, vijana wawili wa vyuo vikuu, mwanamume wa makamo aliyekuwa kimya muda wote, dada mmoja aliyesema anafunga ndoa Hamburg, na mimi. Simu ziliachwa mlangoni, mikoba ikapekuliwa, tukaingia na mafaili yetu peke yake. Niliona kila mmoja amelishika lake kwa mikono miwili.

Nilipoitwa dirishani, mtumishi aliyenihudumia alinisalimia kwa Kiswahili safi, akapokea seti zangu na kuanza kuzikagua karatasi moja baada ya nyingine, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Alilinganisha nakala na vyeti halisi, akavirudisha kwangu kimoja kimoja. Sikuwahi kuona karatasi zangu zikisomwa kwa uangalifu namna ile, na nakiri kwamba nilifurahi, kwa kuwa kila moja ilikuwa na jasho la mtu: pasipoti ni shilingi 150,000 za mahindi ya baba, cheti cha B1 ni usiku mwingi wa kusoma kwa tochi ya simu, na cheti cha kuzaliwa ni safari tatu za mama.

Kisha kidole kikasimama.

Inafaa nieleze sasa habari ya jina langu. Nilizaliwa Peramiho, kwenye hospitali ya wamisionari Wabenediktini, na nikabatizwa kwa jina la dada yake Mtakatifu Benedikto. Aliyeandika cheti cha kuzaliwa aliliandika kama linavyotamkwa, Skolastika. Shuleni, mwalimu aliyejaza fomu za mtihani wa kidato cha nne aliliandika Scholastica, na kitambulisho cha taifa na pasipoti vikafuata hivyo. Nilijua kuwa majina hayo mawili yangeleta maswali, kwa hiyo mwaka jana nilikwenda kwa wakili, nikala kiapo kwamba Skolastika na Scholastica ni mtu mmoja, nikalipa na kupewa hati yenye muhuri. Nikadhani jambo limekwisha. Ambacho sikukiona mimi, wala wazazi wangu, wala wakili, ni kwamba cheti cha kidato cha sita kimeandikwa Scolastica, bila herufi h. Cheti hicho nilikuwa nacho kwa miaka minne. Nilikuwa nimekitoa kopi mara zisizohesabika, na wakili alikuwa nacho mezani siku ya kiapo lakini hakukitaja kwenye hati.

Mtumishi alikigeuza cheti upande wangu na kuweka kidole chini ya jina. Aliniuliza kwa upole, "Na huyu ni nani?"

Nilihisi miguu imekuwa mizito. Nilimwambia ni mimi, nikamwonyesha tarehe na namba ya mtihani, nikamweleza habari ya kiapo. Akaisoma hati ya kiapo yote, akaniambia kwamba imetaja majina mawili na hapa yapo matatu, na kwamba maombi yangu hayataishia pale dirishani. Yatapelekwa Würzburg kwenye ofisi inayoshughulikia wageni, kwa watu ambao hawajawahi kuniona, wasiojua kwamba kwetu jina huandikwa kwa masikio ya mwandishi. Wao watakuwa na karatasi tu. Akashauriana na mwenzake nyuma ya kioo, kisha akaniambia kuwa atayapokea maombi, nami nilete kiapo kipya chenye majina yote matatu, nakala mbili, kabla ya saa sita mchana kesho, bila haja ya kuomba miadi mingine.

Ninalirudia neno hili kwa yeyote anayejiandaa: kabla hujaomba miadi, vitandaze vyeti vyako vyote mezani, chukua rula, uliweke jina chini ya jina na tarehe chini ya tarehe, usome herufi kwa herufi kama mtu anayetafuta kosa. Usisome kama mwenye jina, maana mwenye jina huona kile anachokijua. Mimi nilikisoma cheti changu kwa miaka minne nikiiona herufi isiyokuwapo.

Baada ya hapo mtumishi mwingine, Mjerumani, alinifanyia usaili. Maswali yalikuwa ya kawaida na yote kwa Kijerumani: kwa nini uuguzi, kwa nini Ujerumani, umeipataje hospitali hii, utalipwa kiasi gani na kodi ya chumba ni kiasi gani, mafunzo yamegawanyika vipi, utafanya nini baada ya miaka mitatu. Nilipoulizwa kwa nini uuguzi sikutumia jibu nililokuwa nimelikariri. Nilimweleza kwamba babu yangu mzaa baba alipooza upande mmoja nilipokuwa kidato cha pili, na kwamba mimi na mama ndio tuliomgeuza kitandani, kumwosha na kumlisha hadi alipofariki, na kwamba katika lugha yangu neno la kumhudumia mgonjwa, kuuguza, limetoka ndani ya neno la kuugua lenyewe, kana kwamba anayehudumia anaingia kidogo katika ugonjwa wa yule anayemhudumia. Sarufi yangu ilivunjika mahali pawili. Alisubiri nimalize, akaandika, akauliza swali lililofuata.

Nilisaini tamko kwamba nimeelewa kuwa maelezo ya uongo au yasiyokamilika yanaweza kusababisha maombi kukataliwa au mtu kuondolewa nchini. Nililisoma lote kabla ya kusaini. Ada ya euro 75 nililipa kwa shilingi, ikiwa ni zaidi ya laki mbili, nikapewa risiti.

Mwisho zilikuwa alama za vidole. Wiki iliyotangulia tulikuwa tunapanda mahindi, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshika, na viganja vyangu vilikuwa vimechubuka kwa jembe. Mashine ilivikubali vidole vya kulia, lakini dole gumba la kushoto ilikataa mara tatu. Mtumishi alinipa kitambaa chenye unyevu, nikakisugua kidole taratibu, nikakiweka tena juu ya kioo chenye mwanga wa kijani, nikakibonyeza kwa mkono mwingine kama nilivyoelekezwa. Mara ya nne kikakubaliwa. Niliuona mchoro wake kwenye skrini, mistari yote na kovu jembamba linaloikata katikati, kovu la mundu nililolipata nikiwa na miaka tisa.

Nilitoka saa tano kasorobo, nikakaa kwenye kivuli upande wa Bustani ya Mimea, karibu na Mtaa wa Shaaban Robert, nikampigia mama mdogo. Sikulia hadi aliposema, "Pole, mwanangu."

Jumatano, 4 Desemba

Mama mdogo aliomba ruhusa kazini tukaenda pamoja. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwa wakili mmoja katikati ya mji, ngazi za ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja. Tulimpa shikamoo, tukamwekea mbele vyeti vyote vitatu na pasipoti, nami nikamwomba jambo moja: asiandike lolote kwa kunisikiliza, bali kwa kunakili kutoka kwenye vyeti. Alikubali. Katika hati mpya ametaja kila cheti kwa namba yake na mwaka wake, na mbele ya kila namba akaandika jina kama lilivyo, Skolastika, Scholastica, Scolastica, kisha tamko kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja ambaye ni mimi. Kabla ya kupigwa muhuri nilisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na mama mdogo akafuatisha kwenye vyeti kwa kidole. Hati iliandikwa kwa Kiingereza, hivyo haikuhitaji tafsiri.

Wakili alituambia kwamba kazi ya kiapo cha majina huipata karibu kila siku, kwa watu wa pensheni, wa mirathi, wa mikopo ya chuo na wa viza. Nilifikiria ni fedha kiasi gani hutumiwa na watu wa nchi hii kuthibitisha kwamba wao ni wao wenyewe, kwa sababu tu ya mtu mmoja aliyekuwa na haraka na kalamu miaka ishirini iliyopita. Laiti kila mzazi angekataa kuondoka dirishani kabla hajaisoma karatasi ya mtoto wake, na laiti kila mwandishi angemwomba mzazi aisome.

Saa tano na nusu nilikabidhi hati na nakala mbili. Zilipokelewa, zikawekwa kwenye faili langu mbele ya macho yangu, nami nikarudishiwa pasipoti na kuambiwa nitaitwa.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimerudi Songea. Mvua imenyesha kuanzia Makambako hadi nyumbani. Baba alikuwa stendi na mwavuli, akaniuliza kama wamekubali, nikamwambia wamepokea, na kwamba kupokea na kukubali ni mambo mawili. Akalibeba begi, faili nikalibeba mwenyewe.

Januari 2025

Wakati wa kungoja sina mengi ya kuandika. Mahindi yalipaliliwa mara mbili na kuwekewa mbolea. Kila asubuhi nilisikiliza taarifa ya habari ya Kijerumani kwa nusu saa, ile sehemu ya kusikiliza iliyoniangusha, na jioni nikawafundisha wadogo zangu maneno matano. Katikati ya mwezi hospitali ilinijulisha kwamba ofisi ya wageni ya Würzburg imewaandikia kutaka ufafanuzi wa chumba cha bweni, ukubwa wake na kodi yake, nao wamejibu siku hiyo hiyo. Habari hiyo ilinipa nguvu kuliko walivyojua wenyewe, maana ilionyesha kwamba faili langu limefika na mtu analisoma.

Msomaji aelewe kwamba hivyo ndivyo viza hii inavyotofautiana na ile ya matembezi. Ubalozi hauiamui peke yake. Mji utakaoishi huulizwa, na Shirika la Ajira huangalia kama mkataba na malipo ni halali, kwa hiyo wiki hupita bila neno, na kuandika barua pepe za kuulizia kila baada ya siku tatu hakuharakishi chochote.

Jumanne, 11 Februari

Ujumbe umefika saa nne asubuhi. Nilete pasipoti na bima ya afya ya safari, inayoanza siku nitakayoingia hadi siku mkataba utakapoanza. Jana ilikuwa sikukuu ya somo wangu, Mtakatifu Skolastika, na mama alikuwa ameniombea misa. Bibi alipoambiwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ni mwezi gani nitaondoka, kwa sababu anataka niwepo kwenye kumbukumbu za mashujaa mwishoni mwa mwezi huu. Nitakuwepo.

Jumapili, 16 hadi Jumatano, 19 Februari

Barabara ni ile ile. Jumatatu nilikabidhi pasipoti na bima, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Siku mbili za katikati nilimsaidia mama mdogo kazi za nyumbani na kununua sweta mbili za mtumba Karume, nzito kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Alhamisi, 20 Februari

Dirisha lilikuwa lile lile na mtumishi alikuwa yule yule wa Desemba. Aliisukuma pasipoti chini ya kioo ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa viza, akasema, "Hakiki kwanza kabla hujaondoka."

Nilihakiki. Aina ya viza, D. Tarehe ya kuanza, 15 Machi. Tarehe ya mwisho, ikinipa muda wa kutosha wa kujiandikisha anwani yangu ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia na kuomba kibali cha ukaazi nikiwa huko huko. Idadi ya kuingia, zaidi ya mara moja. Namba ya pasipoti, tarakimu kwa tarakimu. Picha yangu ya Kimara, isiyo na tabasamu. Jina nililiacha mwisho, na nilipolifikia nilitumia ukingo wa risiti badala ya rula.

Nje ya lango nilipewa simu yangu, nikampigia mama. Alikuwa shambani na upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, hata salamu zetu hazikusikika vizuri. Nilimwambia viza imetoka. Hakusema neno, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniomba nimsomee jina.

Nikamsomea.

"Herufi ya h ipo?" akauliza.

"Ipo, mama."